Tanga Lililoshonwa Kwa Mathias

Ukishuka Kwa Mathias ukaulizia fundi wa maturubai, hutazungushwa. Utaonyeshwa kibanda cha Mzee Saburi, nyuma ya maduka ya vipuri, mahali ambapo turubai hutandazwa chini siku nzima na mtu mmoja amekaa juu yake na sindano. Hapo amekaa miaka thelathini na moja. Alitoka Marui, kule Kisarawe, akiwa kijana asiye na kitu ila nguo aliyovaa, akajifunza kazi kwa fundi mmoja ambaye hakuwa na maneno, alikuwa na makofi. Mshono mbovu, kofi. Ndiyo maana mshono wa Saburi hauvuji. Hajisifu, lakini ukimsifia hakukatazi.

Sasa nikwambie jambo ambalo Kwa Mathias nzima hawakulijua. Mzee Saburi alikuwa haoni. Mwanga aliuona, na umbo la mtu akisimama mbele yake aliliona, ila tundu la sindano, uzi, na mshono wenyewe, hivyo vilishamuaga tangu miaka miwili nyuma. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Alitoka pale akamwambia mkewe Ashura, "Usimwambie mtu." Na Ashura hakumwambia mtu, hata binti yao Mwanaamina aliyeolewa Mlandizi.

Kila asubuhi Ashura alitia uzi kwenye sindano ishirini, akazichomeka kwenye kipande cha godoro, halafu akakaa pembeni na sinia lake la karanga kama mfanyabiashara. Iliyobaki ilikuwa kazi ya vidole. Turubai la lori ni nene, jamani. Kidole gumba cha mtu aliyelizoea kinajua hapa ni tabaka moja, hapa ni mawili, hapa sindano imekamata na hapa haijakamata. Kazi ilitoka safi na wenye malori waliendelea kuja. Utauliza, kwa nini afiche? Hebu na wewe niambie, ungempa fundi kipofu turubai la kufunika tani thelathini za sukari mpaka Lubumbashi?

Basi, Jumatano moja ya mwezi wa kwanza akaja Ponsiano, dereva teksi wa pale pale, na Wazungu wawili watu wazima, mume na mke, Bwana Henk na Mama Lotte. Hao walikuwa na boti yao ya tanga, wanazunguka nayo dunia mwaka wa sita sasa, wao wawili tu. Walikuwa wametia nanga Bagamoyo siku chache kuuona mji wa kale, milango yake ya kuchongwa na magofu ya Kaole. Lakini njiani kutoka Pemba upepo ulikuwa umewapasulia tanga kubwa, mpasuko wa pima moja na zaidi. Fundi wa matanga wa Bagamoyo alikuwa msibani Pangani. Jumamosi vibali vyao vinakwisha, lazima waondoke kwenda Komoro.

"Nikawaambia fundi yupo," alisema Ponsiano kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kuanzia hapa hadi Chalinze hakuna mwingine. Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Mzee Saburi akalipapasa tanga. Kitambaa kilikuwa chembamba, kigumu kidogo, kinateleza kama karatasi ya kalenda. Ashura akakohoa. Akakohoa tena. Hiyo ilikuwa alama yao, maana yake kataa. Lakini Hamidu alikuwa amesimama pale, Hamidu mwenye malori matano, mteja mkubwa kuliko wote, akisubiri turubai lake. Fundi gani anakataa kazi mbele ya Hamidu?

"Acheni," akasema Mzee Saburi. "Ijumaa mchana mje mchukue."

Alilishona siku hiyo na kesho yake na Ijumaa asubuhi. Alipaka uzi nta, akaweka kiraka kirefu, akaenda taratibu. Wenyewe waliporudi wakalishika, wakalivuta, wakafurahi mno. Mama Lotte akampiga picha. Wakati wa kulikunja ndipo kidole gumba cha Mzee Saburi kilipopita juu ya kiraka na kusimama. Pale, kiasi cha shubiri moja, labda mbili, kitambaa kilikuwa kimemteleza na sindano ilikuwa imeshika kiraka peke yake. Tanga halikushikwa. Na kwa kuwa matabaka mawili ya kitambaa kile unene wake haufiki hata tabaka moja la turubai, vidole vyake havikumwambia kitu wakati anashona. Je, palikuwa na pengine kama hapo? Hakujua.

Angesema, "Subirini kidogo." Maneno mawili tu. Lakini Ponsiano angeinama kutazama, na Hamidu, aliyekuja tena kuulizia turubai lake, angeinama, na wangeona mshono ulivyopotea njia, mshono ambao mtoto mwenye macho asingeukosea.

"Shikeni huku," akasema, "linateleza hili."

Wakalipakia kwenye teksi, wakaondoka.

Jioni akamwambia mkewe yote.

"Si nilikohoa!" Ashura alifoka. "Nilikohoa mpaka koo likaniuma! Watu wale wanakwenda baharini, Baba Mwanaamina, hawaendi Chalinze!"

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Kesho alfajiri tunakwenda."

Na wakaenda, na Ponsiano ndiye aliyewapeleka, kwa njia ya Mapinga, akidhani fundi anakwenda kuona kazi yake ikipandishwa. Walimkuta Bwana Henk ufukweni Bagamoyo akipakia madumu ya maji kwenye kiboti kidogo, mkewe ameshatangulia kukaa. Mzee Saburi akavua kofia.

"Ponsiano, mwambie mimi sioni. Mwambie macho yangu yamekufa miaka miwili, na mshono wangu umeachia mahali. Wanipe saa mbili tu, nishone upya, mke wangu ataniangalizia."

Ponsiano akamgeukia. Halafu akatafsiri, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mzungu akajibu kwa upole wa mtu aliyechoka. Mzee Saburi akahisi mkono wake unashikwa, noti inawekwa kiganjani, vidole vinakunjwa juu yake.

"Amesemaje?"

"Anasema anaelewa, maisha ni magumu."

"Sitaki hela! Mwambie sitaki hela!"

Ponsiano akasema tena, safari hii kwa haraka na kwa mikono. Bwana Henk akacheka kidogo. Tanga wameshalitazama, alisema, ni zuri, asante sana. Na tangu washuke mji huu hakuna siku aliyopita barabarani bila mtu kumletea ugonjwa: huyu mwanawe, huyu mama yake, na leo fundi. Hawalaumu. Ila maji yanakupwa, wataachwa mchangani. Mama Lotte akainuka kwenye kiboti, akampigapiga Mzee Saburi begani kama anavyobembelezwa mtoto.

Mashine ikawaka. Baadaye Ashura alisema tanga limepandishwa, jeupe, limejaa upepo, na watu waliosimama pale walikuwa wakilisifia. Mzee Saburi akaitupa noti chini. Ashura akaiokota, maana yeye hakuwa na wazimu, na nauli ya kurudi ilihitajika.

Ndani ya gari Ponsiano aliuliza jambo moja tu. "Tangu lini, mzee?"

"Si nimesema. Miaka miwili."

Ponsiano si mbaya. Alimwambia mtu mmoja, wakati anaosha gari, na hiyo Kwa Mathias inatosha. Jumatatu Hamidu akaja. "Shikamoo, mzee wangu. Lile turubai nalichukua kwanza, safari imeahirishwa. Wewe pumzika." Wakaja na wengine, kila mtu na safari yake iliyoahirishwa, kila mtu na shikamoo yake. Mzee Saburi angependa wamtukane. Hakuna aliyemtukana. Ashura aliendelea kutia uzi sindano asubuhi, na jioni akazitoa zote, uzi haujaguswa.

Lililomla si hilo, lakini. Kila Ponsiano alipopita aliitwa. "Wameshapiga simu wale?" Bado, mzee. Kesho tena. Bado, mzee. Wiki ya tatu Ponsiano akaegesha gari, akaingia kibandani mwenyewe.

"Mzee! Wamepiga jana! Wamefika Komoro, wazima kabisa, tanga halijaachia hata uzi mmoja. Wanakusalimu sana."

Mzee Saburi akafunika uso kwa viganja, akalia mbele ya watu, hakuona haya. Ashura akamsindikiza Ponsiano mpaka nyuma ya ukuta wa duka la vipuri. Walinong'ona. Lakini mtu aliyeishi miaka miwili kwa kusikiliza, ukuta ule haumzuii kitu.

"Kweli wamepiga?"

"Mama, namba yangu wataitoa wapi? Nimemwonea huruma tu."

Ndala za mkewe zikarudi, zikaja mpaka turubaini, akaketi karibu naye akamshika goti.

"Umesikia, Baba Mwanaamina? Wamefika."

"Nimesikia," akasema. "Alhamdulillah."