Darubini Angani, Bodi Chini ya Turubai

Kama kuna watu walionichosha maishani, ni wale wanaoona picha moja ya nyota kwenye gazeti, yenye rangi kama keki ya arusi, halafu wanatikisa kichwa na kusema, "Aki sayansi!" Sayansi gani? Miaka ile ya tisini magazeti yalijaa picha za ile darubini iliyorushwa juu ikawa inaizunguka dunia. Mwanzo waliirusha na kioo kilichosuguliwa vibaya. Watu wazima na digrii zao, wanatuma jicho mbinguni, linafika huko linaona ukungu! Ikabidi wapande tena kulivalisha miwani. Baada ya hapo ikawa ni picha tu, picha kila mwezi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza darubini yenyewe inashinda ikifanya nini siku nzima.

Mimi nilijua, na nilijivuna kwa kujua. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana kwenye kilima kimoja upande wa Roret, katika nchi ya chai ya Kericho. Mzungu mmoja wa kujitolea alipomaliza muda wake aliniachia rundo la majarida, na katika jarida moja, kurasa za nyuma kabisa ambako hakuna picha, nikakuta ratiba ya kazi ya darubini hiyo kwa wiki chache. Niliisoma mara tatu siku hiyo hiyo. Inaikodolea nyota moja macho, inapima mwanga wake, kisha dunia inakuja katikati na kuiziba. Inangoja. Dunia ikipita inarudi kwa nyota ile ile. Halafu inapiga picha ya nyota nyingine ambayo mwanga wake unajulikana tayari, ili ijue kama yenyewe bado ina akili timamu. Halafu inafumba jicho na kupiga picha ya giza tupu, ili wataalamu wakija kuona madoadoa wajue yapi ni ya nyota na yapi ni uchafu wa mashine. Wiki ijayo, yale yale tena. Hakuna rangi hapo wala keki. Ni kazi, basi.

Hiyo ndiyo fizikia niliyotaka ionekane, tena upesi, kwa sababu Bodi ya shule ilikuwa imeshaanza kuichimbia kaburi. Kidato cha tatu walioichagua walikuwa wasichana saba. Mweka hazina wa Bodi, mfanyabiashara wa mahindi aliyevaa koti zito hata jua likiwaka, alikuwa amepata wazo. Wazo lake la kwanza, nadhani, tangu azaliwe. Fizikia ni ya wavulana, alisema, na kile chumba cha maabara kingefaa zaidi kuwekwa cherehani ili wasichana wasome sayansi kimu, yaani upishi na ushonaji, vitu vya kuwafaa nyumbani. Uamuzi ungetolewa siku ya wazazi, mchana, Bodi ikishakula. Nikajiambia, hao wakishashiba hata hesabu wataiondoa.

Hedimasta wetu hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa kitu chochote, kwa kweli. Aliniita ofisini akaniambia, "Madam, nimekupa nusu saa kabla ya chakula. Onyesha kitu, wazee wafurahi." Nikamuuliza kama wazee wakifurahi fizikia itabaki. Akaangalia dirishani. "Onyesha kitu," akasema tena.

Nikaamua kuonyesha ile ratiba. Nilisaidiwa kuinakili kwenye karatasi kubwa za manila na msichana mmoja wa kidato cha pili, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko wa kuchapwa. Huyo ndiye sababu nilikuwa silali vizuri. Siku tuliyokuwa tukichora alisimamisha kalamu akaniuliza, "Madam, hii picha ya giza, wanajuaje ni giza la huko na si la ndani ya kamera?" Nilikuwa nimefundisha miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo, hata walimu wenzangu, ambao maswali yao yote yalihusu chai ya saa nne. Mwaka uliofuata angekuwa kidato cha tatu. Alitaka fizikia kuliko kitu kingine chochote, na aliniambia hivyo bila haya. Bodi ikiiondoa, angepewa sindano na uzi.

Babu yake alikuwa mjumbe wa Bodi hiyo hiyo. Mzee mkulima wa chai, mwenye kofia ya kijivu ambayo aliivua kila alipoingia chumba chenye mtu. Katika miaka yangu sita sikuwahi kumsikia kikaoni akisema zaidi ya "Amina." Nilimhesabu pamoja na viti.

Ni lazima niseme pia mimi ni mtoto wa nani. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa karibu na Kericho mjini, na mimi nimezaliwa kambini, katika vile vyumba vya safu. Mama alinionya tangu nikiwa mdogo: "Hapa sisi tumekaribishwa. Huo ulimi wako ufunge kamba." Sikuufunga. Nilikuwa msichana pekee kutoka kambi yetu aliyefika chuo, na niliona nimeshapata kibali cha kusema nilivyotaka mbele ya yeyote.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai likafungwa uwanjani, wazazi wakaja na viatu vya Jumapili, kwaya ikaimba mpaka tukaomba poo. Nikasimama. Wasichana wangu wawili walishika mpira na tochi kuonyesha darubini inavyozunguka, na yule wa kidato cha pili akasimama kando ya karatasi za manila na fimbo ya kuelekezea. Nilieleza vizuri, sitajificha kwenye unyenyekevu. Kisha nikafanya kosa la kusema, "Kuna swali?"

Baba mmoja akauliza kama hicho kitu kinaweza kumwona mtu akioga. Turubai lote likacheka. Nikamjibu kwamba darubini inaangalia juu, na kwamba hata ingeangalia chini ingekuwa na mambo bora ya kutazama. Mama mmoja akataka kujua kama imeshaona lango la mbinguni. Nikasema bado. Halafu akasimama mweka hazina na koti lake.

"Mimi nakumbuka zile ndege za zamani," akasema, "zilikuwa zinapanda kufukuza mvua ya mawe isipige chai. Hizo zilikuwa na maana. Hii yako, Madam, inaweza kuzuia mvua ya mawe?"

"Haiwezi."

"Sasa inatusaidia na nini?" Akawageukia watu, akafungua mikono, akapigiwa makofi. Makofi! Kwa kuuliza jicho mbona halitafuni. Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni.

Hapo ndipo yule mzee wa kofia ya kijivu alipoinuka. Aliinuka polepole, akavua kofia, akaishika kifuani.

"Mwalimu, asante sana," akasema. "Mimi sikusoma. Lakini nimeona hapo kwa karatasi. Jumatatu wanapiga bicha ya nyota hii. Alhamisi wanapiga bicha ya nyota hiyo hiyo. Wiki ingine tena, hiyo hiyo. Sasa nauliza, kwani ile bicha ya kwanza iliharibika?"

Laiti ningevuta pumzi moja tu. Nilimwona pale amesimama, nikaona mvua ya mawe, nikaona lango la mbinguni, nikaona cherehani zikipangwa kwenye meza zangu.

"Mzee," nikasema, "hiyo *bicha* haikuharibika." Nilisema bicha kama alivyosema yeye, nikaivuta. "Kilichoharibika ni kwamba tumekaa hapa nusu saa nzima na kuna watu hawajaelewa hata neno moja. Hiki ni chombo cha wasomi. Si mizani ya kituo cha majani chai."

Walimu vijana waliokuwa nyuma waliangua kicheko. Hao tu. Akina mama wakatazama chini. Wajumbe wa safu ya mbele, wakulima wenzake wa chai, wakamgeukia mzee, na mmoja akakohoa. Mzee alikaa, akairudisha kofia kichwani. Msichana wangu aliishusha fimbo. Hedimasta akarukia katikati na kutangaza kwamba chakula kiko tayari.

Nilikula vizuri, Mungu anisamehe. Nilijiona nimewapa dozi yao.

Bodi ilikaa kwa muda wa saa moja. Jioni hedimasta alinikuta kwenye chumba cha walimu nikikunja karatasi zangu. "Imeondolewa," akasema. "Hawa saba watamaliza. Baada yao, hakuna fizikia."

Nikaanza kufoka. Nikamtukana mweka hazina, koti lake na mahindi yake. Hedimasta aliniacha nimalize, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Kisha akavuta kiti.

"Kulikuwa na mkono mmoja tu wa kuitetea," akasema. "Wa yule mzee."

"Mzee yupi?"

"Usijifanye hujui, Madam. Alinyoosha mkono na hakusema neno. Angesema, wale wenzake wa chai wangemfuata wote, walikuja wakiwa tayari kumfuata. Lakini angesema nini, vile ulimfanya?" Akakuna kidevu. "Wewe umekaa hapa miaka sita. Hujawahi kwenda mkutano wa kituo cha majani?"

Sikuwahi. Ningeenda kufanya nini?

"Yule akitaka mtu asikizwe, hamsifu," akasema. "Anasimama anasema hakusoma, halafu anauliza kile ambacho kila mtu anaona haya kuuliza. Jibu analo tayari. Anakuuliza ili wewe ulitoe, watu walibebe nyumbani, na sifa iwe yako. Afisa wa kilimo alipokuja na mambo ya kupogoa na watu wakakataa, mzee aliinuka akamuuliza kama chai iliyokatwa inasikia uchungu. Kila mtu hapa anajua. Akisema hakusoma, amekufungulia mlango."

Nilitaka kusema kitu cha kejeli. Tayari kilikuwa mdomoni. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilikuwa nimeukanyaga mwiba wenyewe kwa viatu vya kisigino, mbele ya wazazi mia na kitu, huku nikijipongeza.

Hata hivyo usiku huo bado nilijitetea. Nilijiambia hedimasta anatia chumvi, watu kama yeye hupenda kuwapamba wazee. Nilijiambia mzee asingeweza kuwa na jibu, kwa sababu jibu la swali lile si dogo: unarudi kwa nyota ile ile kwa kuwa inabadilika, na hutajua inabadilika usiporudi. Nani angemfundisha hayo? Nikalala na kiburi changu, tukajifunika pamoja.

Jumatatu, saa ya mapumziko, msichana wa kidato cha pili alikuja mlangoni pa maabara. Kawaida alikuwa akiingia moja kwa moja. Safari hii alisimama nje mpaka nikamwita.

"Madam, nimeleta fimbo," akasema. Akaiweka mezani. Hakuondoka.

"Pole kwa habari ya fizikia," nikamwambia.

"Sawa, Madam." Akatazama mikono yake, iliyokuwa na weusi wa utomvu wa chai kwenye vidole, kwa sababu Jumamosi zote alichuma shambani kwao. "Lile swali tulilipanga na babu. Tulikuwa tunachuma nikawa namwelezea ratiba. Akaniuliza kwa nini wanarudi kwa nyota moja, nikamwambia sijui kueleza vizuri. Akacheka. Akasema, si ni kama sisi? Wiki iliyopita tulichuma mti huu, leo tumerudi kwa huo huo, kwa sababu ile siku chipukizi hii haikuwepo. Akasema hilo ndilo wazee wataelewa. Akasema yeye atauliza, na Madam ndiye atajibu, kwa sababu Madam ndiye mwalimu."

Miaka sita nilikuwa nimetafuta mfano wa kueleza jambo hilo darasani, na sikuwahi kuupata.

"Na mimi nilijua ungejibu hivyo," akasema. "Nilimwambia babu, Madam anajua hiyo."

Nikamwambia nitapanda kwao jioni hiyo kumwomba mzee msamaha. Nilisema kwa haraka.

"Alisema usijisumbue, Madam. Hajakasirika." Akaisogeza fimbo kidogo mezani, na nikaona kwamba hili ndilo alilotumwa kuniuliza. "Tangu siku hiyo anafikiria tu. Anasema yeye kweli hakusoma, labda ni yeye aliyekuharibia. Anauliza kama swali lilikuwa baya. Nimwambie nini?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nilimwambia aende darasani.