Bakuli Chini ya Tone

Siku ya mvua mama mkwe hatulii. Nguo alizokunja mke wa mwanawe hukunjuliwa zikakunjwa upya, palipofagiwa hufagiwa tena, yeye akiguna tu, viwiko vimejaa unga wa biskuti. Leo paa lilipoanza kuvuja, binti wa watu alikurupuka akakinga tone kwa bakuli la kwanza lililomjia mkononi, kumbe ndilo lenye unga uliokwisha kukandwa. Mama mkwe akachungulia, akachovya kidole, akaonja.

"Ulikuwa mkavu mno," akasema, akaongeza konzi ya unga, akakanda. "Mume wako asijue."

Biskuti zilipoiva, mama mkwe akavuta kiti karibu na rundo la nguo alizokunja mke wa mwanawe asubuhi. Akalitazama kitambo, akaguna, akajimegea biskuti. Nguo hakuzigusa.