Mgeni katema divai ya mama

Leo mnunuzi wa vinywaji wa hoteli katema divai mbele ya mama yangu!

Nilimwita mwenyewe shambani kwetu Kasense, aonje divai yetu ya mapovu.

Mama akafungua chupa, akanywa yeye kwanza. Kwetu mwenyeji huanza, mgeni ajue hakuna sumu.

Jamaa akapiga funda, akasukutua, akatema kwenye ndoo. Puu!

Mama akaondoa chupa mezani.

"Mama, wataalamu wote wa divai hutema," akajitetea.

"Mimi nimemeza, mwanangu. Wewe umeona nini humo?"



Jamaa akanigeukia mimi nimtetee. Nikamfungulia geti.

Haya, semeni nimefukuza mteja. Divai ya mapovu ikishafunguliwa haingoji mtu. Tumeimaliza wenyewe, na hakuna aliyetafuta ndoo.