Kahawa Niliyoitia Mfukoni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipoinyamazisha mashine iliyokuwa ikiwapa maji watu wa kilima kizima. Kazi hiyo niliifanya kwa spana ya kuazima na maneno mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza sekondari Bukoba mjini, nimerudi kwetu Buganguzi na sanduku la nguo na majarida.

Nikwambie kwanza nilivyokuwa, ili usidhani nakusema wewe. Nilipenda habari za mitambo kuliko chakula. Mwalimu wangu mmoja alinigawia majarida ya Kiingereza yaliyochakaa, nami niliyasoma hadi kurasa zikaachana. Nilijua ndege fulani ina injini ngapi, daraja gani limejengwa wapi, roketi ipi imeruka na ipi imeungua. Jioni watu walipokusanyika mbele ya kibanda cha kinyozi, waliniita Redio. Waliniuliza leo dunia inasemaje, nami nilisema. Injini hii haitadumu, mhandisi yule amekosea, meli ile mimi ningeiunda hivi. Waitu, mwanangu, usingeamini kwamba mtu huyo hajawahi kufungua hata dinamo ya baiskeli. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma hadi senta ya pili. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na hilo sibishani nalo, kujivunia ni haki ya mtu aliyefanya kitu. Shida yangu ni kwamba nilijivunia vya wenzangu.

Sasa, kule bondeni, chini ya vibanja vya migomba, palikuwa na pampu ya chuma ambayo haikutumia mafuta wala umeme. Maji ya kijito yalishuka kwa kasi kwenye bomba nene, yakagonga ndani ya pampu, na kwa nguvu ya kule kugonga, maji kidogo yakasukumwa kwenye bomba jembamba kupanda hadi tangi la juu, karibu na kanisa. Iligonga mchana na usiku, tu, tu, tu, ndiyo maana wazee waliiita Omutima, yaani moyo. Aliyeitunza alikuwa Ta Rweyongeza. Ta ndivyo tunavyowaheshimu wazee wetu wa kiume, na siku hizi hata mimi naitwa hivyo. Alikuwa mzee mfupi, mchache wa maneno, aliyesoma madarasa mawili tu.

Siku moja niliteremka kuitazama. Nilisimama mbali kidogo kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya mjini. Nikaona kila ilipogonga, maji mengi yalimwagika pembeni na kurudi kijitoni. Kwa makadirio ya macho, ndoo moja ikipanda, karibu ndoo kumi zinamwagika. Na wiki ile ile nilikuwa nimesoma habari ndefu kuhusu wahandisi wa Ulaya wanaozuia upotevu kwenye mitambo. Nikajisemea, kumbe miaka yote hii hawa wazee wanamwaga maji na hakuna aliyeona ila mimi.

Nikapanda moja kwa moja hadi kwa Ta Rweyongeza. Akanikaribisha, tukasalimiana, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Unaijua desturi yetu, buni huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, na mgeni hupewa atafune kabla ya mazungumzo. Kule mjini nilikuwa nimejifunza kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Nikapokea kwa heshima ya uongo, nikazitia mfukoni, nikaanza kueleza upotevu wa maji. Nilitumia Kiingereza humo humo, Mungu anisamehe, kwa mzee wa madarasa mawili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Kahawa hujaitafuna, neno umekwisha kulitoa. Umeigusa ile mashine?"

Nikamwambia hapana haja, imeonekana wazi. Akasema basi tutazungumza siku nyingine, na akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nikaondoka nikimhurumia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu halikuvunjika, kilivunjika chuma. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa misani, nilishuka bondeni na spana ya fundi baiskeli. Pale maji yalipomwagikia palikuwa na kizibo kinachofunguka na kujifunga, kimeshikwa na msumari mnene wenye nati juu. Nikakaza ile nati ili kizibo kisifunguke sana. Maji yakapungua kumwagika, nikafurahi. Nikakaza tena. Nikakaza mara ya tatu kwa uzito wa mwili mzima, na ule msumari ukakatika mkononi mwangu. Omutima ukagonga mara moja, ukanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile, maana tangu nizaliwe mashine ile ilikuwa ikigonga.

Nilifanya nini? Nilipanda nyumbani, nikakaa.

Baada ya misa kila nyumba inataka maji ya kupikia ndizi. Kufika saa saba tangi lilikuwa limekauka. Wanawake wakaanza kushuka bondeni na ndoo, na kilima chetu unakijua, kushuka ni mchezo, kupanda ni adhabu. Mama yangu alikuwa na goti bovu. Nilipotoka kumtafuta nilimkuta njiani anapanda, ndoo kichwani, anashika migomba kila hatua, nyuma yake wenzake wawili. Mmoja akauliza mashine imepatwa na nini. Mama akasimama, akahema, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Msihofu. Mwanangu anazijua mashine. Ataitengeneza."

Mwanangu, nimewahi kuungua kwa umeme, nimewahi kuanguka kutoka juu ya mnara wa tangi kule Kemondo nikavunjika mkono. Hakuna kilichowahi kuniuma kama sentensi ile. Mama alijivuna mbele ya wenzake kwa sababu yangu, na maji yale kichwani mwake yalikuwa kazi yangu. Nikampokea ndoo, tukafika uani, nikamweleza kweli. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akasugua goti lake, kisha akasema, "Basi kesho utabeba wewe. Na sasa hivi nenda kwa mwenyewe."

Nikaenda. Ta Rweyongeza alikuwa amekwisha kuteremka na kuona. Alijua hata spana ilikuwa ya nani. Nilipiga magoti, nikasema ni mimi. Akaingia ndani, akatoka na kile kikapu. Safari hii nilitafuna. Nilitafuna polepole, buni moja moja, naye akitafuna zake. Ladha yake ni chungu mwanzo, ndipo harufu inapanda. Kumbe wazee hawakuwa wajinga, mtu mwenye kahawa mdomoni hawezi kuropoka.

Alipomaliza akanieleza. "Uliyaona maji yanamwagika ukadhani yanapotea. Yale ndiyo yanayofanya kazi. Yasipomwagika yale, haya ya juu hayapandi. Mimi sikusoma, lakini nimeweka mkono juu ya chuma kile kila asubuhi miaka yote hii. Wewe umesoma, na ningependa sana uniambie mambo nisiyoyajua. Ila uyaseme ukiwa umeigusa."

Hakuna alipopandisha sauti. Kisha akanipeleka Nshamba kwa shemeji yake mhunzi. Babu zetu walifua chuma katika vilima hivi hivi, na mhunzi yule alikuwa wa ukoo wao. Nilivuta mivukuto siku mbili hadi malengelenge yakapasuka. Msumari wa kwanza ukatoka umepinda, mhunzi akautupa bila hata kunitazama. Wa pili nikaufua mimi mwenyewe, yeye akinielekeza, na ulikaa sawa. Ta Rweyongeza akakata mpira mpya wa kizibo kutoka kwenye kandambili za matairi.

Siku zote hizo kilima kilibeba maji kichwani, nami alfajiri na jioni nikabeba ya mama na ya majirani wawili wazee. Vijana wenzangu walinipangia foleni ya kejeli. "Redio imeishiwa betri," walisema, na nilistahili. Siku ya nne tukafunga msumari. Ta Rweyongeza akaniambia nibonyeze kizibo kwa mkono, nikiachie, nibonyeze tena. Mara ya saba au ya nane mashine ikanipokonya kazi, ikaanza kugonga yenyewe, tu, tu, tu. Akanishika kiganja akakiweka juu ya chuma. Kilikuwa baridi, kinatetemeka. Nikalia bila aibu.

Kuanzia pale nikawa fundi wa maji. Nimefunga na kufungua pampu kutoka Muleba hadi Bukoba, na majarida sikuyaacha. Hadi leo ni mgonjwa wa habari hizo, ila sasa nazisoma kwenye simu, miwani juu ya pua. Maoni ninayo tele. Pikipiki za umeme? Nimeipanda ya jirani kutoka hapa hadi Nshamba, imepanda kilima kimya kimya, nimeikubali. Betri yake itadumu miaka mingapi, hilo sijaligusa. Ndege zisizo na rubani za kupeleka dawa visiwani? Nimeziona kwenye picha tu, kwa hiyo nafurahi na kunyamaza. Akili mnemba? Niliiuliza jinsi ya kutengeneza pampu kama Omutima, ikajibu vizuri sana, na kosa lake lilikuwa moja tu: ilishauri kupunguza maji yanayomwagika. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuona kuna nini.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Nina mjukuu, Kemilembe, mhandisi pale Bukoba. Naye ana ugonjwa wa babu yake, anazungumzia habari za teknolojia kwenye simu na watu wanamsikiliza hadi mikoa ya mbali. Mwaka huu kijiji kilikaa kuamua kama Omutima ung'olewe ifungwe pampu ya sola. Mimi sikutaka, na kila mtu alijua sitaki. Wakampigia simu Kemilembe aje aseme, wakitegemea msomi atakidharau chuma cha zamani, nami nikitegemea mjukuu atamtetea babu. Akafika, akapewa kahawa, akatafuna. Kisha akasema mbele ya mkutano, "Sijaigusa. Nipeni siku moja."

Moyo wangu ulivimba, nusura nisimame. Nilijua kilimani hapa lingetosha neno moja tupu kutoka kwa mtu wa mjini na wote wangepiga makofi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akashuka bondeni na buti za mpira, akapima kijito, akafungua mashine, akakaa huko hadi jua linaelekea kuzama, amejaa matope hadi viwikoni. Kesho yake akauambia mkutano kwamba kijito kimepungua sana, na tumbo la pampu lina ufa mrefu usioweza kuzibwa. Sola ndiyo itakayowafikishia maji. Aliyasema hayo akinitazama mimi.

Iliniuma, sitakudanganya. Mashine ile ndiyo iliyonifanya mtu. Lakini nilisimama nikawa wa kwanza kumuunga mkono, kwa sababu alikuwa ameigusa, na mimi tangu magoti yaanze kukataa sikuwa nimeshuka bondeni miaka sita. Safari hii aliyesema kabla ya kugusa alikuwa babu mtu.

Baada ya mkutano akaja uani kwangu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa ule msumari wa kizibo nilioufua Nshamba nikiwa kijana. Umelika kidogo pembeni, umenyooka. "Kila kitu mle kimechoka, Babu," akasema. "Huu ndio pekee haukuwa na kosa."

Mama yangu hayupo tena. Laiti angesikia, maana aliwaambia wenzake kwamba mwanawe anazijua mashine, na imenichukua umri mzima kulifanya neno lake kuwa kweli. Msumari uko hapa mezani ninapoandika.

Basi nisikilize, mwanangu. Penda mitambo, soma habari zake, zizungumze kwa raha, maana dunia inaundwa upya kila siku na mtu asiyeshangaa amezeeka mapema. Lakini kabla hujasema kitu hakifai, kiguse. Kama hukuweza kukigusa, sema hukukigusa, haitakupunguzia kitu. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda huenda yuko hapo kijijini kwako, hajui Kiingereza, anakata majani ya ng'ombe. Mpe heshima yake na utafune anachokupa. Ukikosea, kiri siku hiyo hiyo kabla ndoo hazijawa nyingi vichwani mwa watu. Na mkono wako ukifundishwa na kazi ukakuonyesha kwamba mzee wako amekosea, mwambie, hata kama mzee huyo ni mimi.

Mungu akuzidishie udadisi, akupe viganja vigumu na ulimi wenye subira. Akujalie kuunda kitu kimoja, hata kama ni msumari, kitakachokutwa kimenyooka siku wajukuu watakapokifungua. Na mama yako ajivune mbele ya wenzake, na iwe kweli.