Picha Nyeusi Mbili za Zaitun

Niliondoka Koboko kwa sababu moja tu: sikutaka mke wangu afe. Wapo waliosema nilikwenda Kampala kutafuta duka la jumla. Waache waseme. Ukweli ndio huu ninaouandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa mtu wa darasa la pili.

Mimi ni mtu wa chumvi. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi la rais aliyetoka kwetu liliposhindwa vitani na sisi watu wa Koboko tukakimbilia Zaire, nilivuka mpaka na bakuli moja la chumvi, nikawa nauza kwa kijiko. Niliporudi nyumbani nilikuwa nauza kwa gunia. Zamani watu wa Lobule, kijijini kwetu, walikula chumvi ya majivu, ile ambayo mama yangu aliitengeneza kwa kuchoma mabua ya simsim na kuchuja majivu yake kwenye chungu chenye matundu. Mimi ndiye niliyeiua chumvi ile, na sokoni nilijisifu hivyo. Miaka ya tisini ilipokuja chumvi mpya yenye iodini, ile ya kuzuia rovu, malori yangu ndiyo yaliyoanza kuileta.

Kumbe mke wangu mwenyewe, Zaitun, alivimba shingo. Tukasema rovu. Haikuwa rovu, ilikuwa kansa ya tezi. Kampala wakamkata, akarudi, tukashukuru Mungu. Mwaka uliofuata akaanza kukohoa. Daktari akasema huenda mbegu za kansa zimeshuka mapafuni, na huko kisu hakifiki. Kuna dawa ya kunywa yenye mionzi, ambayo inazifuata mbegu hizo zilipojificha. Turudi Kampala siku fulani.

Hospitalini Arua ndipo tulipopewa karatasi, wiki tatu kabla ya siku hiyo. Nesi alimwachisha Zaitun vidonge vyake, vile alivyomeza kila siku tangu akatwe tezi, kisha akanikabidhi karatasi ya Kiingereza.

"Mambo mengine yote iko hapa ndani, mzee. Msome vizuri."

"Tutasoma," nikajibu, nikaikunja na kuitia mfuko wa kanzu.

Nje Zaitun akaniambia, "Baba Rajabu, tutafute mutu atusomee."

"Mimi ni mtoto wa kusomewa? Barua za wakubwa zote zinasema neno moja: njoo. Tunakwenda, sivyo?"

Akajifunga kitenge upya, akatangulia njiani. Ananijua.

Asubuhi ya safari tulipanda lori langu lililokuwa linarudi tupu Kampala kuchukua mzigo. Mama yangu akaja na kibuyu kidogo amekifunga kwa jani la mgomba. Ilikuwa chumvi yake ya majivu.

"Chukueni hii. Chakula ya watu haina ladha."

Nikacheka mpaka dereva akacheka na yeye. "Mama, nimebeba kilo tano za chumvi ya kweli. Hiyo wape mbuzi."

"Mbuzi iko na akili kukushinda," mama akasema. Zaitun akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakificha ndani ya kitenge.

Pakwach tulifika jua likiwa kali. Magari yalikuwa yamepangwa kusubiri askari wa kusindikiza, maana barabara ya kwenda Karuma ilikuwa na waasi. Tukanunua samaki wa kuchoma. Zaitun alikuwa amechoka, anasikia baridi juani, chakula hataki. Nikafungua mfuko wangu wa chumvi, nikamnyunyizia samaki kwa vidole vyangu. "Kula. Mke wa mtu wa chumvi hali chakula chapwa." Akala kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo nilivyomlisha njia nzima, kwa upendo na kwa kiburi, vyote kwa vidole hivyo hivyo.

Bombo, karibu na Kampala, tulipokewa na shangazi yake Zaitun, Mama Sauda, mjane wa askari, mwanamke mwenye mdomo usiofungwa. Kwake nako nilitoa mfuko wangu, nikatia mchuzini. Akaniuliza kama mchuzi wake una kasoro. Nikamwambia hauna tena.

Siku ya tatu tuliingia hospitalini. Daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Namusoke. Alisomea Nairobi, Kiswahili chake safi kuliko changu. Akauliza, "Mzee, mlifuata yote yaliyo kwenye karatasi?"

"Yote," nikasema.

Wakampa Zaitun tone dogo la dawa, tone la kupelelezea tu, si la kutibu. Baada ya siku mbili wakamlaza chini ya mashine inayoona mionzi mwilini. Daktari akatuita, akaiweka picha mbele ya taa. Nyeusi. Nyeusi kama sufuria ya kuni.

Nikafurahi. "Hakuna ugonjwa!"

Daktari hakufurahi. "Ugonjwa upo, nimeuona kwenye picha ya kawaida ya kifua. Hapa hauonekani kwa sababu haukuila dawa yangu. Mzee, wewe unafuga mbuzi?"

"Ninao."

"Mbuzi mwenye njaa ya chumvi ukimwonyesha kiganja, anakuja?"

"Anakuja mbio."

"Na aliyekwisha lamba akashiba?"

"Hata hageuki."

"Basi. Tezi inapenda iodini kama mbuzi anavyopenda chumvi, na mbegu zake pia zina tamaa hiyo hiyo. Dawa yangu ni iodini iliyobeba moto. Zikiwa na njaa zitaila na kuungua. Picha hii ina maana mbili. Labda mbegu za mama huyu zimepoteza tamaa, na kama ni hivyo sina dawa nyingine ya kumpa. Au zimeshiba. Nauliza tena: wiki hizi tatu alikula chumvi ya dukani?"

Zaitun akatazama sakafu. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alikuwa tayari kufa na aibu yangu mdomoni.

Nimesimama mbele ya wanajeshi wenye bunduki nikabishana nao bei. Siku ile sikubishana. Nikatoa karatasi mfukoni, bado imekunjwa vile vile, nikaiweka mezani.

"Daktari, nimekudanganya. Sijui kusoma Kiingereza, na nilikataa tusomewe. Chumvi alikula. Nilimlisha mimi."

Daktari akafunika uso kwa mikono. Nikangoja matusi. Kumbe alikuwa anacheka. "Alhamdulillah, mzee! Hiyo ndiyo habari nzuri niliyoitaka."

Akaeleza kwamba dawa iliyokuja kwa ndege haingoji mtu, kila siku nane inabaki nusu ya nguvu yake. Nyingine ingefika baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili, chumvi yenye iodini isiguse ulimi wa Zaitun, wala samaki, wala maziwa, wala mayai.

"Atakula nini bila chumvi?" nikauliza. "Chakula hakipiti kooni hata na chumvi."

Zaitun akaingiza mkono kwenye kitenge, akatoa kibuyu. Daktari akakinusa, akauliza kilichomo kimetoka wapi, kimetengenezwaje. Nikajibu mimi, muuaji wa chumvi ile, hatua kwa hatua: mabua, moto, chungu, matundu. Akatabasamu. "Majivu ya mabua hayana iodini ya kunisumbua. Ale kidogo kidogo."

Bombo, wiki mbili tulikula hivyo. Nilikula pamoja naye, sahani moja. Mama Sauda alishangilia kila siku: "Njooni muone! Bwana magunia anakula majivu! Mchuzi wangu leo hauna kasoro, mkwe?"

"Hauna, Mama Sauda. Nyamaza, nile."

Siku ya kumi na tano tone likarudiwa, na mashine ikarudiwa. Daktari akaweka picha mbele ya taa. Shingoni palikuwa na nyota moja. Kifuani, nyota ndogo ndogo, nikahesabu sita. Ule ulikuwa ugonjwa wa mke wangu, naona kwa macho yangu, na nikapiga kelele ya furaha mpaka manesi wakaja. "Wana njaa!" nikamwambia Zaitun. "Mbuzi wana njaa!"

Dawa yenyewe ililetwa kwenye chungu kizito cha madini ya risasi, yale yanayozuia mionzi. Akainywa kama maji, akafungiwa chumba cha peke yake siku kadhaa, maana sasa mwili wake ulitoa mionzi. Nilisimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, tukaongea kwa mbali kama wachumba. Nikamwuliza daktari kuhusu wenye kansa nyingine, zisizopenda iodini. Akasema wataalamu wa ng'ambo wanajaribu kuchukua askari wa damu, wale wanaotambua sura ya adui mmoja tu, wanawafunga moto huo huo mgongoni na kuwatuma.

"Askari anayempiga adui bila kuchoma kijiji?" nikasema. "Sabini na tisa walikuwa wapi hao?"

Koboko tulirudi na amri: siku chache asikumbatiwe, asibebe watoto, ale sahani yake. Safari hii karatasi ya amri hizo nilisomewa Arua mara mbili, nikairudia kwa kichwa. Watu walikuja kumkumbatia, nikasimama mlangoni. Walinuna. Wanune.

Baada ya nusu mwaka, kikohozi kikiwa kimekwisha, tulirudi kupimwa, njaa ya chumvi imefuatwa sawasawa. Picha ikatoka nyeusi. Safari hii daktari alicheka kwanza: mbuzi wangekuwepo, wangekuja mbio.

Picha ile imetundikwa dukani kwangu, juu ya mizani. Karatasi yoyote ikija siku hizi, namwita mtu anisomee kwa sauti, wateja wasikie. Sijapungua hata kilo moja.

Mama yangu alipoletwa kuiona, aliisogelea mpaka pua ikagusa.

"Ugonjwa iko wapi?"

"Haiko, mama."

"Sasa unanionyesha nini? Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo hiyo, mama. Hakuna kitu."

Akaigonga picha kwa kidole. Kisha akanigeukia. "Na kibuyu yangu?"

"Mke wangu amekimaliza."

"Nilisema," akajibu, akatoka kwenda kuchoma mabua.