Chuma Baridi cha Mzee Njuki

Mimi ni jirani yake Njuki, mhunzi wa Siakago, na jembe langu halijawahi kunolewa na mtu mwingine. Kwetu Mbeere mhunzi huheshimiwa kwa kuogopwa. Akikosewa, huweka chuma kisichopita motoni juu ya fuawe, akamtaja adui yake, akagonga. Aliyetajwa ajipange. Baba yake Njuki alifanya hivyo mara moja maishani, Njuki mwenyewe hakuthubutu. Alikuwa mtu wa kucheka tu, mjane aliyemlea binti yake wa pekee, Muthoni.

Mwaka juzi chama cha wasomi wa utamaduni wa taifa kilifanya mkutano wake Embu. Humo mna elimu za kila aina: historia, muziki, dini, lugha, hata udaktari. Katibu wao, Maxine, alikuja hadi karakana kumwomba Njuki awaonyeshe laana ya chuma baridi.

"Hiyo haifanywangi bure, madam," Njuki alisema.

"Ni demo tu, mzee. Usitaje mtu."

Nilimwambia akatae. Lakini mtu aliyeogopwa maisha yake yote, siku anapoitwa mtaalamu, masikio huziba. Alivaa koti lake la harusi, akaenda, akagonga. Ukumbi ukapiga makofi. Mwanahistoria akauliza desturi ilianza lini, wa muziki akauliza habari ya mlio, wa dini akauliza kama Mungu hutajwa. Hakuna aliyeuliza kama mzee ana watoto. Wasomi nao!

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwezi huohuo Muthoni, aliyeolewa Nkubu, alijifungua mtoto asiyepumua. Daktari alieleza kwamba ni presha. Lakini picha za mkutano zilikuwa zimeshafika kwenye simu za wakwe zake, na siku ya mazishi Muthoni alimzuia baba yake langoni.

"Baba, ulitaja nani?"

"Sikutaja mtu, mwanangu. Naapa."

"Basi ilijitafutia."

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyosema: laana isiyo na jina huingia mlango wa karibu. Njuki alirudi nyumbani, akazima moto wa karakana, na hajauwasha tena. Nilipomgombeza alinijibu, "Daktari namwamini. Lakini nyundo niliinua mimi."

Mwezi uliopita tulisikia Muthoni ni mjamzito tena. Njuki akamsihi Maxine aende Nkubu amweleze kwamba lile lilikuwa onyesho tu, ili apate kumwona bintiye. Nami niliandamana nao. Maxine, nampa haki yake, alieleza vizuri, hata akalia. Muthoni alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono tumboni.

"Kama ni mchezo," akasema, "si mngechukua tu mwigizaji? Mbona mlikuja mpaka Siakago kutafuta mhunzi wa ukweli?"

Maxine akarudi nyuma hadi langoni.

Muthoni akaingia ndani, tukasikia komeo. Njuki alikuwa amebeba mkungu wa ndizi alioununua Mitunguu. Hakuupeleka mlangoni. Aliuweka chini palepale langoni, akanishika mkono.

"Twende," alisema. "Hata mimi ningefunga."