Nyumba Yangu Iliyoliwa na Lava

Tulipoambiwa barakoa si lazima tena, mimi niliivua siku ile ile. Uso ndio mtaji wa mtu anayejua kukata bei. Ukiufunika, nani atakuhurumia?

Nikaenda sokoni Ndosho kununua kitenge cha kumpelekea mama mkwe mtarajiwa. Nilikuwa sijawahi kumwona: kwanza korona ilizuia wageni, kisha volkano ikatutawanya. Muuzaji, mama mmoja ambaye bado alikuwa amefunika pua na mdomo, alikataa kupunguza bei. Nikakunja sura.

"Mama, unisaidie. Lava ilikula nyumba yangu yote, hata kijiko haikuacha."

"Pole sana, papa."

Akapunguza. Nikamwomba apunguze tena kidogo, kwa ajili ya kile kijiko. Akapunguza.

Jumapili tukaenda ukweni kuzungumza mahari. Baba mdogo, msemaji wetu, aliisifu nyumba yangu mpaka nikaona haya: mbao mpya, bati jipya, na lava haikuigusa hata ukuta. Kisha nikainama, nikamkabidhi mama mkwe kitenge chake. Akakikunjua, akakigeuza, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Bazee, tuache kwanza mambo ya ngombe," akasema, na sauti ile nikaijua. "Huyu bwana hana nyumba. Lava ilikula yote. Aliniambia yeye mwenyewe pale sokoni, karibu alie. Sasa mutoto wangu atalala wapi?"